Msafara wa Baiskeli Uliokwenda kwa Miguu

Kama uliwahi kununua baiskeli Uvira, basi uliinunua kwa Djamali wa Kasenga, au uliinunua kwa mtu aliyeinunua kwake. Duka lake liko palepale tangu enzi za baba yake, baiskeli zimetundikwa darini magurudumu juu, na mwenyewe amekaa mlangoni na kofia yake nyeupe, anasalimiwa na wapita njia mpaka shingo inachoka kuitikia. Atakuchagulia baiskeli ya kubeba makaa, atakuchagulia ya kubeba bibi harusi. Jambo moja tu halijui, na hapo ndugu yangu jishikilie: hajui kuendesha baiskeli.

Usicheke kwanza. Marehemu baba yake, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara waliovuka ziwa zamani na bidhaa zao, alikuwa na sheria moja dukani: bidhaa haipandwi. Baiskeli ikishakaliwa, hata mzunguko mmoja wa uani, si mpya tena, na kumuuzia mtu kitu kilichokaliwa ukakiita kipya ni haramu. Basi mtoto akakulia katikati ya baiskeli, akazifuta vumbi, akazipaka grisi, asikalie hata moja. Baba alipofariki, Djamali alikuwa ameshaota ndevu. Sasa mtu mzima mwenye ndevu ataanzia wapi kujifunza baiskeli, watoto wote wa Kasenga wakimkimbilia nyuma na kupiga makofi? Akaona haya, akasema mwaka ujao. Miaka ikaenda zake.

Kila alipotoka, alitoka na baiskeli, ila aliisukuma kwa mkono. Na watu wa Uvira tunavyopenda kuwaelewa wakubwa hata pale ambapo hakuna cha kuelewa, tukasema: mnaona adabu ya muzee? Hataki kuwapita watu akiwa juu. Djamali akasikia, akanyamaza. Sifa ya bure nani ataikataa?

Aliyeilipia sifa hiyo ni mkewe, Kadija. Kadija ni mama mwenye mwili, Mungu amempa na hakumpimia. Kwetu mke hubebwa nyuma ya baiskeli ya mumewe, kwenye kile chuma tunachokiita portebagaji, wakienda harusini, wakienda kuona wagonjwa, miguu imening'inia upande mmoja na kitenge kimevutwa vizuri. Ndoa ikiwa bado changa, siku ya Idi, Kadija aliomba abebwe mpaka kwa dada yake Kilibula. Djamali akasema, "Tutembee tu, ni karibu." Akaomba tena siku nyingine. "Tutembee tu." Hakuomba tena. Aliwaangalia wake wa wenzake wanavyobebwa, akauangalia mwili wake, akafunga mdomo. Tangu hapo, jioni humega bugali mara mbili tatu halafu husema ameshiba. Djamali aliona yote hayo. Hakusema kitu.

Sasa kartie yetu, yaani mtaa wetu, ina kikundi cha baiskeli. Mkubwa wake ni Maître Eugène, mwalimu, mtu ambaye asipoelewa jambo ndipo analieleza kwa urefu zaidi. Siku moja kikundi kikaamua kufanya safari ya kutwa, kwenda kuona ikulu ya kale ya mwami, mtawala wetu wa jadi, ile ya matofali iliyo juu ya kilima kule mbele ya Kiliba. Ikatakiwa mtu wa kuongoza. Macho yote yakamgeukia Djamali. Nani mwingine? Baiskeli zote za kikundi zilitoka dukani kwake.

Djamali akafungua mdomo akatae. Udhuru alikuwa nao tayari, goti. Lakini Léocadie, fundi wa kushona anayepigia kikundi picha kwa simu yake, akamtangulia: "Na Mama Kadija atakaa nyuma ya Papa!" Watu wakapiga vigelegele. Djamali akageuka, akamwona mkewe amejifunika uso kwa pembe ya kitenge, mabega yanatikisika kwa kicheko. Goti likampotea.

"Sawa," akasema. Mungu wangu, neno moja tu, ona lilivyotuzungusha.

Asubuhi ya safari Kadija aliamka kabla ya adhana. Alikuwa ameshona mto mdogo wa kukalia, wenye maua, akaufunga kwenye portebagaji kwa vipande vya mpira. Akavaa kitenge kipya. Dada yake wa Kilibula alikwisha kutumiwa ujumbe: leo ninabebwa. Djamali aliutazama ule mto kama mtu anayetazama jeneza lake mwenyewe.

Wakakusanyika mbele ya duka, fulana za manjano, kofia ngumu vichwani, baiskeli zinang'aa. Djamali akashika usukani wa baiskeli yake, akaanza kuisukuma.

"Tutoke kwanza mu kartie," akasema. "Batoto ni bengi mu njia."

Hilo lilikuwa na akili. Wote wakasukuma. Walipofika Kavimvira akasema wapite kwanza makamio, yale malori makubwa. Wakapita makamio. Akasema wavuke kwanza daraja. Wakavuka daraja. Na baada ya daraja, ndugu yangu, barabara ikanyooka, tambarare, tupu, hakuna hata mbuzi wa kusingizia.

Watu wakasimama, kila mmoja na mguu mmoja juu ya pedali, wanamngoja muzee apande. Maana utapandaje mbele ya mkubwa wako anayetembea kwa miguu? Utampita ukimwambia nini? Kwetu mtu hafanyi hivyo, hata akichelewa hospitali. Kadija akarekebisha kitenge, akausogelea ule mto. Djamali akafunga kamba za viatu. Akafungua, akafunga tena.

Eugène akamkaribia. "Papa Djamali, sasa?"

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka ndani ya ndevu. "Maître," akasema, "tunaenda wapi?"

"Kwa mwami."

"Kwa mwami muntu anaendaka juu ya kinga?" Kinga kwetu ndiyo baiskeli.

Eugène macho yakamtoka, akawageukia wenzake na kidole juu, kama yuko mbele ya ubao. "Munasikia? Muzee iko natufundisha! Zamani batu balikuwa banatembea kwa miguu kwenda kwa mwami. Sisi tulitaka kufika pale juu ya kinga, kama bauza mukate!"

"Lakini balikuwa banashuka kwa kiingilio cha mwami," akasema Kwizera. "Hapa ni Kavimvira!"

Kwizera ni baba wa watoto, Mrundi wa Bwegera, kazi yake ni kubeba mchele kwa baiskeli kutoka bondeni mpaka sokoni Uvira. Mtu huyu amezoea baiskeli kiasi kwamba akitembea kwa miguu anayumba.

"Kwizera," akasema Eugène kwa huzuni, "weye unataka kumupelekea mwami heshima ya nusu njia?"

Kwizera akashusha mguu. Wote wakashusha miguu. Msafara wa baiskeli ukaondoka kwa miguu, na kofia ngumu vichwani, mmoja mmoja mpaka upeo wa macho.

Jua likapanda. Kiliba, akina mama wauza miwa waliacha visu hewani. "Kinga zote zimepasuka?" akauliza mmoja.

"Hapana, Mama. Ni heshima," akajibu Eugène.

"Poleni," akasema yule mama, na akawakatia miwa bila kuombwa.

Ila mambo hayakuishia hapo. Bondeni kwetu, mwendesha baiskeli akikuta watu wanatembea polepole, kimya, wamepangana, anajua ni msiba, na kwa msiba unashuka. Basi mtu wa makaa akaja na mzigo wake, akawaona, akashuka, akavua kofia, akajiunga nyuma. Akaja muuza dagaa. Wakaja wawili na kuku zao. Walipofika chini ya kilima nyuma kulikuwa na msururu wa watu wasiojulikana, wengine wanafuta machozi, na mama mmoja ameshaanzisha wimbo wa kanisa.

"Nani amekufa?" mwenye makaa akamnong'oneza Kwizera.

"Miguu yangu," akasema Kwizera.

Kadija alikuwa anatembea kando ya baiskeli ya mumewe, mkono mmoja juu ya mto. Asubuhi alikuwa anaongea, anawachokoza akina Léocadie. Baada ya Kiliba akanyamaza. Katikati ya kilima alisimama, akafungua vile vipande vya mpira taratibu, akautia mto kwapani.

"Ungeniambia tu nibaki nyumbani," akasema, bila hasira. "Kuliko kuwasumbua batu bote hivi juu yangu."

Djamali alitamani ardhi ipasuke. Aliona wazi mkewe anachofikiri: kwamba kikundi kizima kimetembezwa juani ili tu yeye asipakiwe. Neno lilimfika kooni. Nyuma yake alimsikia Eugène anawaeleza wauza kuku maana ya adabu. Neno likarudi chini.

Juu, kwenye kizingiti cha ikulu, alikuwa amesimama Muzee Gédéon, mlinzi wa nyumba ile. Mwami mwenyewe siku hizi anakaa mjini, ikulu imebaki na ngoma, viti, picha za ukutani na Gédéon. Wageni huja kwa pikipiki, wanapiga honi mpaka uani, wanajipiga picha na kuondoka. Alipoona bonde zima linapanda kilima kwa miguu, na baiskeli zinasukumwa, Gédéon akatupa fimbo chini akalia kwa sauti.

"Minye nimelinda nyumba hii tangu kijana," akasema alipopata pumzi. "Sijaona batu bakikuya hivi. Nani amebaongoza?"

Vidole vyote vikamwonyesha Djamali.

Gédéon akawatembeza. Akawaonyesha ngoma isiyopigwa ovyo, akawaonyesha chumba ambacho wageni walingojea siku nzima kuitwa. Wale wa msiba walikuwa bado wanatafuta maiti, wakachungulia kila mlango kwa adabu. Djamali akaanza kupumua. Nusu ya safari imekwisha, akajiambia, na wakati wa kurudi goti litauma.

Ndipo Gédéon akasema: "Sasa, mugeni wa namna hii harudi kwa miguu."

Djamali akalishika goti lake mapema.

"Zamani," akasema Gédéon, "muntu akikuya kwa mwami kwa miguu, kwa mapendo, mwami alikuwa anamurudisha kwa tipoi yake mwenyewe. Banaume bane banamubeba mabegani mpaka chini ya kilima, yeye na bibi yake. Tipoi ililiwa na mchwa. Lakini marehemu mwami aliacha kinga yake, akasema ishike kazi ya tipoi."

Akaingia ndani, akatoka na baiskeli. Ee bwana! Ilikuwa kubwa kama kitanda, nyeusi, ya zamani za Wabelgiji, kwenye kiti pametandikwa kipande cha ngozi ya chui, na nyuma portebagaji pana ya kukalia mtu mzima na heshima yake. Djamali, fundi ni fundi hata siku ya kufa kwake, akaikagua kwa jicho moja, breki hakuziona.

"Muzee," akasema, sauti imekauka, "haina freni."

"Mwami anasimamishwaka na nani?" akauliza Gédéon. "Zilitolewa."

"Iko na goti yangu..." Djamali akaanza.

Lakini watu walishaanza kupiga makofi. Léocadie aliinua simu. Eugène aliuchukua ule mto kwapani mwa Kadija, akaufunga mwenyewe kwenye portebagaji. Kadija alirudi nyuma hatua moja. "Hapana," akasema, "minye ni muzito, kinga ya mwami itavunjika," akajaribu kucheka, na kicheko kikakataa.

Sasa nikwambie, Djamali ni mwoga, hilo sikufichi. Lakini alipolisikia lile neno likitoka kinywani mwa mkewe mbele ya watu, moyo ulimchoma kuliko hofu. Akapanda. Hakujua mguu upi unatangulia, akapanda kama mtu anavyopanda mti. Gédéon na Kwizera walishika baiskeli huku na huku.

"Kadija," akasema, bila kugeuka, "kaa."

Kadija akakaa. Wakaiachia.

Kuteremka hakuhitaji ujuzi, kilima chenyewe ndicho kinachoendesha. Baiskeli ya mwami ilitoka uani kama imeitwa. Kofia ya Djamali ilibaki hewani. Akasoma shahada, akaikosea, akairudia. Kuku walitawanyika, mbuzi akaingia nyumba ya watu. Nyuma bonde zima lilikuwa linakimbia na kushangilia, na wauza kuku nao wakishangilia msiba ambao hawakuuelewa tena. Kadija alikuwa ameukumbatia mgongo wa mumewe kwa mikono miwili, na kutoka mgongoni mule alisikia sauti ndogo, nyembamba, isiyokoma, kama ya mtoto anayepelekwa kupigwa sindano. Hapo ndipo alipojua.

Chini ya kilima barabara ilikata kushoto. Djamali hakukata. Wakaruka mfereji, wakaingia shamba la mpunga na baiskeli yao, paaa, matope yakapanda mpaka juu na kurudi.

Wa kwanza kufika alikuwa Gédéon, anahema, uso umejaa furaha. "Palepale!" akapiga kelele. "Marehemu mwami alikuwa anaangukaka palepale! Kila mara! Huyu muntu anajuwa desturi!"

Makofi yakalipuka. Djamali akainuka kwenye matope, bila kofia, ndevu zimekuwa udongo mtupu. Akawaangalia wote, na kitu ndani yake kikachoka. Akasema kwa nguvu zake zote:

"Sijuwe kuendesha! Munasikia? Minye Djamali sijuwe kuendesha kinga! Sijawahi! Hata leo! Nimebatembeza kwa miguu juu ya haya yangu!"

Bonde likatulia. Chura mmoja alisikika.

Halafu Eugène akavua kofia yake ngumu, akaiweka kifuani. "Mumesikia?" akasema, na machozi yalimlengalenga kweli. "Muuza kinga mukubwa wa Uvira, ameshuka kilima ya mwami bila freni, na anasema hajuwe kitu. Hiyo njo inaitwa kujishusha."

"Minye iko nasema kweli!" Djamali akalia.

"Tena anaendelea!" akasema Léocadie kwa kuvutiwa, simu iko juu.

Haikuwezekana. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumheshimu. Mwisho Gédéon akatangaza kwamba heshima imetimia na kila mtu anaweza kurudi kwake juu ya baiskeli yake, na watu wakapanda kilima kuzichukua, wanazungumza juu ya mtu yule wakitikisa vichwa. Wakabaki wawili matopeni.

Kadija alikuwa amekaa, kitenge kipya kimeharibika, mto umeshikwa mapajani.

"Kumbe ulikuwa hujuwe tu," akasema.

"Sijuwe."

"Siku yote ile ya Idi. Na zile zingine zote. Haikuwa minye?"

"Haikuwa weye hata siku moja, Kadija. Wallahi."

Kadija akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka Djamali naye akaanza kutabasamu na kunyoosha mkono amwinue. Halafu kicheko kikakatika.

"Na weye ulikuwa unajuwa minye niko nawaza ni mwili yangu?"

Djamali angeweza kudanganya. Amedanganya bonde zima tangu alfajiri. Akaangalia matope yake.

"Nilijuwa," akasema.

Kadija aliinuka peke yake, bila ule mkono, akapanda barabarani, akakamua kitenge. Watu wa kikundi walikuwa wanateremka sasa, juu ya baiskeli zao hatimaye, na wa mbele yao wote alikuwa Kwizera, amesimama juu ya pedali kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kadija akanyoosha mkono, akamsimamisha.

"Mwanangu, unanibeba mpaka Kasenga?"

Kwizera akamtazama muzee kule shambani, akamtazama mama, akasogeza baiskeli. Kadija akaweka mto wake, akakaa upande upande na miguu imening'inia. Baiskeli haikulia, haikupinda. Ikaondoka laini kwenye ile barabara iliyonyooka.

Djamali alitoka mferejini, akabaki amesimama. Walikuwa bado hawajafika mbali alipomsikia mkewe akiuliza, "Sema kweli, minye ni muzito?"

"Muzito?" Kwizera akacheka. "Mama, gunia ya muchele ya Bwegera inakushinda mara mbili. Weye ni mwepesi."

"Sema tena," akasema Kadija. "Sema kwa sauti."

Kwizera akasema tena, kwa sauti, na Djamali akasikia.